Wanasema Kezilahabi anafundisha vijana kujiua, nimjibu vipi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni mwalimu mpya wa Kiswahili, nafundisha sekondari. Wiki iliyopita niliposti picha ya riwaya ya Kichwamaji nikaandika kwamba Kezilahabi ndo mwandishi aliyenifanya nipende kusoma. Kuna jamaa ana wafuasi wengi akaichukua ile posti, akaandika uzi mrefu kwamba huyu mzee alikuwa mkana Mungu, falsafa yake ni ya kukata tamaa, wahusika wake wanajiua, mawazo yote kaiga kwa wazungu, wanawake anawadhalilisha, na alimsaliti Mwalimu Nyerere kwa kuiponda Ujamaa. Mwisho akataka vitabu vyake vitolewe shuleni. Watu kibao wamemuunga mkono, wengine wameanza kuwaita wazazi waje waone nafundisha nini. Nataka kujibu ila sitaki vita ya matusi. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwanza, maana najua ilivyo kuamka asubuhi ukakuta simu imejaa watu usiowajua wanakutukania kitabu ambacho hawajakishika. Zile skrinshoti ulizonitumia nimezisoma zote, tena mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshapoa. Na kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba katika uzi wote ule mrefu jamaa kataja riwaya mbili tu, Rosa Mistika na Kichwamaji, na hata hizo anazisimulia kama mtu aliyehadithiwa kijiweni, yaani anajua mwisho ila hajui njia ya kufikia huo mwisho. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Sasa kosa ambalo ungelifanya kama ungejibu usiku uleule (nashukuru hukujibu) ni kuanza kumtetea Kezilahabi mzima mzima, utosini mpaka unyayoni, kama wakili aliyelipwa. Usifanye hivyo. Kuna mambo jamaa kasema ambayo yana ukweli ndani yake, na ukiyakataa yote atakushika hapohapo penye ukweli na hayo mengine hakuna atakayekusikiliza. Halafu tuhuma ziko sita, kazimwaga kwa mpigo, huwezi kuzijibu sita kwa posti moja, utaonekana unahema. Chagua mbili. Mi nakushauri hii ya kukata tamaa na kujiua, na ile ya wanawake. Ya kwanza kwa sababu hapo kakosea kabisa, ya pili kwa sababu hapo hajakosea sana. Hizo nyingine nitakupa za kuweka mfukoni, ukiulizwa unatoa.

Tuanze na hii ya kujiua maana ndo inayowatisha wazazi, na wana haki ya kutishika.

Ni kweli, vifo vipo. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa na serikali. Riwaya tatu, 1971, 1974, 1975, na zote mhusika mkuu hafiki salama. Mtu akikuambia huyu mwandishi alikuwa na kitu na vifo huwezi kumwambia anaota. Ila jiulize kwa nini hivi vifo viliwashtua watu kiasi kile wakati fasihi ya Kiswahili tangu zamani imejaa vifo, tendi zetu zenyewe watu wanakufa humo mpaka unachoka kuhesabu. Kilichoshtua ni kwamba huku hakuna malipo. Chukua Shaaban Robert, kaangalie majina tu ya watu wake: Adili, Utubora, Karama. Jina limeshakuambia mtu ni wa namna gani, na ukishajua ni wa namna gani unajua na mwisho wake utakuwaje, mwema atateswa weee lakini wema wake mwisho utaonekana. Ndo makubaliano yaliyokuwepo kati ya mwandishi na msomaji wa Kiswahili. Sasa anakuja kijana wa Ukerewe, kazaliwa Namagondo 1944, kalelewa seminari ya Nyegezi, kapita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana miaka ishirini na saba tu kitabu chake cha kwanza kinatoka, anayachana yale makubaliano mbele ya watu. Mtu anamwita Tumaini halafu anampeleka kwenye kitanzi! Hebu fikiria hilo jina. Sio bahati mbaya lile, mtu mwenye PhD ya fasihi hampi mhusika wake jina la Tumaini kwa kukosa jina lingine (PhD aliipata baadaye, 1985, najua, usinirekebishe).

Lakini kuvunja makubaliano ni kitu kimoja na kuwafundisha watu wafe ni kitu kingine kabisa. Mtu akifa kwenye riwaya ya Kezilahabi, kile kifo kinafanya kazi ya ripoti ya daktari, kinakuambia kilichomuua ni nini. Rudi mwanzo wa Rosa Mistika, usikimbilie mwisho. Kuna nini pale? Kuna barua. Karatasi moja ya mvulana anayeitwa Charles. Binti hajafanya lolote, kaandikiwa tu. Na baba, Zakaria, mlevi ambaye nyumba yake mwenyewe imemshinda, anashusha kipigo juu ya ile karatasi kana kwamba kaletewa maiti mlangoni. Baada ya hapo Rosa anakua hajui kuongea na mwanaume, anajua kuogopa tu, na akishafika shule ya mbali ambako yule baba hayupo, ile hofu haina mtu wa kuishikilia tena, basi inafumuka yote kwa mpigo. Kila kitu kinachofuata, wanaume wale, mimba zile, mpaka mwisho, ukivuta uzi unarudi kwenye ile karatasi. Sasa huyo mwandishi anamfundisha nani hapo? Kama kuna anayepigwa somo ni Zakaria.

Nikupe kitu nilichowahi kukifanya darasani, labda kitakusaidia na we. Nilikuwa na kidato cha tano, wanafunzi arobaini na ushee, tumemaliza Rosa Mistika siku hiyohiyo, kabla sijafungua mdomo kuchambua chochote nikawaambia kila mtu achane kipande cha karatasi, asiandike jina lake, ajibu swali moja: nani kamuua Rosa? Nikakusanya kwenye kofia. Nusu nzima waliandika baba. Wengi wa waliobaki waliandika Charles, kwamba kamkimbia Rosa kwa sababu hakumkuta bikira. Wachache waliandika Rosa mwenyewe. Mmoja aliandika "mama, kwa kunyamaza", ile ilinikaa mpaka leo. Na mmoja, mwandiko mdogo wa kubanabana, aliandika "kwetu pia kuna Zakaria". Hiyo sikuisoma kwa sauti. Nilikaa nayo, nikatafuta namna ya kuzungumza na darasa zima taratibu wiki iliyofuata bila kumsaka aliyeandika, mpaka mwenyewe alipokuja. Sasa niambie, kitabu kilichomfanya mtoto aandike vile, hicho ndo cha kukitoa shuleni?

Haya, Kichwamaji ni kigumu zaidi, sikufichi. Kazimoto ni msomi, anasimulia mwenyewe, na ana ulimi mtamu, anaweza kukushawishi kwamba maisha hayana maana na ukajikuta unatikisa kichwa. Anatilia shaka Mungu, anawadharau wanakijiji wake, hawezi kukaa na wazazi wake mwenyewe akaongea nao kitu kikaeleweka. Jamaa anachukua maneno ya Kazimoto anayabandika kwa Kezilahabi, "ona falsafa yake". Hapo mrudishe kwenye jalada tu. Hilo jina, Kichwamaji. Kwanza ni ugonjwa, ni ule wa mtoto mwenye kichwa kikubwa wa Manase, mhusika mwingine wa mle. Lakini kila Mswahili anajua mtu akikuita kichwa maji hajakusifia, kakuambia humo ndani hamna kitu, unachemka tu. Mwandishi anayetaka Kazimoto awe nabii wa vijana hawezi kumbandikia tusi kwenye jalada. Ile hukumu imeshatolewa kabla hujafungua ukurasa wa kwanza: huyu msomi mnayemwona, mwenye maneno mazuri hivi, kichwani kwake mmejaa maji. Mwandishi anamuonea huruma, ndio, na nadhani anamjua vizuri sana, labda kutoka kwenye kioo, lakini kumjua mtu na kuwatuma watu wamfuate ni vitu viwili.

Na kwa kuwa jamaa kaleta habari za wazungu, kwamba haya ni mawazo ya Camus, yule mwandishi wa Kifaransa, mwambie asome Camus basi. Camus mwaka 1942 aliandika kitabu kizima kinachoanza na swali la kujiua, na jibu lake ni hapana. Anasema dunia haikupi maana, sawa, ila kuikimbia sio jibu, jibu ni kubaki ukapambana nayo ukiwa macho. Kwa hiyo hata kama Kezilahabi angekuwa kamnakili Camus neno kwa neno, bado asingekuwa anafundisha kujiua. Kazimoto kashindwa mtihani ambao Camus kautunga. Mi ndivyo ninavyomsoma, na wapo wenzangu wanamsoma tofauti, wanaona Kazimoto ndo mwandishi mwenyewe anaongea, tumeshabishana sana juu ya hilo na hatujamaliza.

Pamoja na hayo yote kuna kitu usikikatae, na ukikisema wewe wa kwanza utawashinda wote waliojazana pale: mwanafunzi ambaye tayari yuko gizani, anayewaza mabaya, kumpa mwisho wa Kichwamaji akausome peke yake bwenini usiku ni kutojali. Mi huwa sifanyi hivyo. Kurasa za mwisho tunazisoma pamoja, mchana, na kabla ya hapo nimeshasema wazi kwamba kuna kifo cha kujiua kinakuja na kwamba mtu akitaka kuongea na mimi au na mshauri wa shule mlango uko wazi. Mzazi akisikia unafanya hivyo hasira inashuka, kwa sababu alichokuwa anauliza kwa kweli ni kama kuna mtu mzima anamwangalia mtoto wake.

Kitu cha mwisho juu ya hii tuhuma, na hapa ndo unamkamata. Kwamba falsafa yake ni ya kukata tamaa inawezekana kuisema kama tu umeishia 1975. Mzee hakuishia 1975. 1979 katoa Gamba la Nyoka, ambayo inawaacha wasomi wake wakijihoji wenyewe, waliokuja kuwavua wanakijiji magamba wakakuta la kwao bado wanalo. Halafu zinakuja Nagona na Mzingile, 1990 na 1991, vitabu vyembamba unavimaliza kwa siku moja halafu unahitaji mwaka kuvielewa, hadithi haiendi mstari mnyoofu, mtu anaingia mji wa watu wasiosema, wanafalsafa waliokufa zamani wanaongea, ni kama ndoto. Humo swali limegeuka. Yule Kazimoto aliuliza maisha yana maana gani akakosa jibu akaondoka. Huku msafiri anakosa jibu na anaendelea kutembea, na katika Mzingile hata dunia ikishaharibiwa bado kuna kuanza upya. Sikuambii ni vitabu vya furaha, la. Ila mtu aliyekata tamaa haandiki habari za kuanza upya. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa jamaa, kwa upole kabisa, liwe: ndugu, Nagona umeisoma? Hilo tu. Wala usiongeze kitu.

Sasa wanawake. Hapa mdogo wangu mpe jamaa pointi yake.

Unaweza kusema, na watu wengi wanasema, kwamba Rosa Mistika ni kitabu kinachomtetea msichana, na ni kweli kwa sehemu, nimekueleza ya Zakaria hapo juu. Lakini angalia nani analipa. Wanaume wote waliopita kwa Rosa wanaendelea na maisha yao, yeye ndo analipa kwa mwili wake na mwisho kwa uhai wake, na kuna kurasa humo ambazo mwandishi anamwangalia Rosa kwa jicho lilelile la wale wanaume, anakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hata ile habari ya bikira, kitabu kinamlaani Charles kwa kumwacha lakini kinakubali kimyakimya kwamba kweli kuna kitu kilipotea. Halafu nenda Kichwamaji, wanawake wa mle wengi tunawaona kupitia macho ya Kazimoto, na Kazimoto hawapendi wanawake, tuseme ukweli. Rukia, dada yake, anapewa mimba na Manase, anakufa, na kifo chake kinageuka kuwa suala kati ya wanaume wawili, nani alipe kisasi kwa nani, Rukia mwenyewe tunabaki hatujui alikuwa anawaza nini. Unaweza kujitetea kwamba ndivyo Kazimoto anavyoona, sio mwandishi, nami nimetumia hoja hiyohiyo hapo juu, lakini hoja ina kikomo chake: kama riwaya baada ya riwaya macho ni yaleyale, msomaji ana haki ya kumuuliza mwenye macho. Wanafunzi wangu wa kike wameshaniuliza sana na sijawahi kuwa na jibu linaloniridhisha. Mi nafundisha hivyo hivyo, na kasoro yake naisema.

Ukikubali hili hadharani utashangaa. Nusu ya waliokuwa wanakutukana wataondoka, kwa sababu walikuja kuona ugomvi.

Hizo nyingine ni za haraka. Ya ukana Mungu: jina lenyewe Rosa Mistika limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, Wakatoliki wanaliimba kila siku, Waridi lenye fumbo, na kumpa jina hilo binti anayeangamizwa na watu wanaojua kusali ni kitu ambacho anaweza kukifanya mtu aliyeyajua mambo ya kanisa kutoka ndani. Kuna shaka kwenye vitabu vyake, tele, na kuna hasira na watu wa dini. Lakini mtu katangulia mbele za haki Januari 2020, imani yake alikuwa nayo yeye na Mola wake, wewe usimtolee ushahidi na jamaa naye asimtolee. Jibu hivyo upite.

Ya kuiga wazungu huwa inanichekesha kidogo. Huyu ni mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikerewe, kasoma mpaka Marekani, angeandika riwaya kwa Kiingereza na angeuza, ila zote kaziandika kwa Kiswahili, na mashairi, na tamthilia. Tasnifu yake ya PhD aliyoiandika kule Wisconsin inahusu falsafa ya Kiafrika, na humo anawashambulia wanaosoma fasihi ya Afrika kwa vipimo vya Ulaya. Na hii tuhuma sio mpya hata kidogo, walishamtupia 1974 kwa ajili ya Kichomi, alipoandika mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wa ushairi wakasema huyu anatuletea uzungu, wakagombana naye na wenzake miaka na miaka. Leo wanafunzi wanasoma mashairi huru na hakuna anayeshtuka. Kusoma mwanafalsafa kama Nietzsche hakukufanyi Mjerumani, bana. Ni kama kusema mtu aliyejifunza useremala kwa jirani basi hata kitanda chake ni cha jirani.

Ya Ujamaa inahitaji maneno machache zaidi maana jamaa kaipaka siasa na hapo watu wanapandisha. Ndio, aliikosoa. Tumaini anatajirika Shinyanga kwa kulima, Azimio la Arusha linakuja 1967, mali inachukuliwa, anaua kiongozi, ananyongwa. Lakini yule Tumaini ndo shujaa? Mtu aliyetafuna urithi wa wazazi wake kwa anasa kabla hajajirudi? Kitabu hakikupi pa kuegemea, tajiri hapendezi na serikali haipendezi. Gamba la Nyoka ni vijiji vya ujamaa kama vilivyoonekana kutoka kisiwani na sio kutoka ofisini. Na kuna tamthilia, Kaptula la Marx, hii naipenda kwa jina lake tu. Sema mwenyewe kwa sauti: Kaptula LA Marx, sio kaptula YA Marx. Hiyo "la" peke yake imeshaikuza ile nguo mpaka unaona inavyomvuka kiongozi wa Kiafrika aliyeivaa, kiuno hakikushonewa yeye. Silabi moja imebeba mchezo mzima. Aliiandika 1978 na ikaja kuchapishwa 1999, miaka ishirini na moja, ujue hapo kwamba maneno yale hayakuwa ya kutafuta sifa. Kuhusu kumsaliti Mwalimu, wakati Kezilahabi anaandika Kaptula la Marx na Gamba la Nyoka, Mwalimu mwenyewe 1977 alishatoa tathmini ya Azimio baada ya miaka kumi, kakiri mbele ya nchi nzima kwamba mengi hayajafikiwa. Kama kukosoa ni usaliti basi msaliti wa kwanza alikuwa Ikulu.

Na hili la vitolewe shuleni, tulishawahi. Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni, sababu zilezile, maadili, ngono, watoto wetu. Mi nakala ya kwanza niliyoisoma haikuwa na jalada, lilichanwa makusudi ili mwalimu akipita asiijue, na kurasa za katikati zilikuwa zimelegea kwa kufunguliwafunguliwa, unajua mwenyewe zipi. Yaani marufuku ilitufundisha kusoma zile kurasa tano tu na kuruka Zakaria mzima. Baadaye ikarudishwa, ikaingia kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa sekondari, ndo watu wakaanza kuisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho na kuulizana nani kamuua Rosa.

Sasa jibu lenyewe. Ningekuwa mimi ningeandika hivi, wewe ligeuze liwe la kwako:

"Ndugu, asante kwa kusoma posti yangu. Kuhusu wanawake naona una hoja, hata mimi inanisumbua na huwa tunaijadili darasani. Kuhusu kujiua sikubaliani na wewe: jina Kichwamaji lenyewe linamhukumu Kazimoto, halimsifii. Na baada ya Rosa Mistika na Kichwamaji mzee aliandika Gamba la Nyoka, Nagona na Mzingile. Umezisoma? Kama bado, mimi nakusubiri, tuendelee ukimaliza. Wazazi, sehemu nzito tunazisoma pamoja darasani, karibuni shuleni muone."

Basi. Usiongeze tasnifu, usiongeze Camus, hayo ya Camus ni yako ukibanwa. Akirudi na matusi hukumuona. Akirudi na ukurasa, yaani kafungua kitabu kweli kakunukulia kitu, mjibu hata kama ni saa sita usiku, huyo sasa ni msomaji. Wale waliokuja kukushangilia nao usiwape nafasi ya kumtukana kwa niaba yako, waambie waache, kwa sababu wakimtukana yeye lawama inakuja kwako. Na kabla hujaposti chochote nenda kwa mkuu wako wa shule umweleze, asije akayasikia kwa mzazi kwanza. Yale majibu ya wanafunzi wako uliyosema unataka kuyaweka kama ushahidi, hapana, hata kama umeficha majina, yaache daftarini kwao.

Halafu kwenye ile posti yako ya mwanzo umeandika Kichwamaji kilitoka 1984. Ni 1974. Kirekebishe leo hii kabla jamaa hajakiona.